Kabureta ya Mlima wa Kanisa

Kwenye mlima wa kanisa ndipo gari la Kadeghe lilipozimika siku ya harusi yake. Jirani yake Mwalwanda alimpakia bibi harusi katika lake, akicheka, wala hakumrudisha.

Asubuhi hii, miaka mingi baadaye, Kadeghe aling'oa kabureta ya zamani, ile iliyoinyima injini mafuta siku ile, akafunga kubwa yenye matundu mawili. Injini ya silinda sita ikanguruma hadi madirisha yakatetemeka.

Mwalwanda akaja na bintiye aliyevaa shela.

"Kaka, gari langu limegoma. Anangojwa kanisani!"

"Macho ya mama yake kabisa," alisema Kadeghe, akimfungulia binti mlango. Baba alipotaka kuingia, aliufunga.

"Wewe utapanda mlima kwa miguu, shemeji."

Akamkabidhi kabureta kuukuu, akaondoka. Lango la kanisa likajitokeza. Mguu wa Kadeghe ulikuwa bado umekanyaga kanyagio la mafuta, wala haukugusa breki.