Siri ya Kobe Mkunga

Sogeeni niwaambie. Kobe alikuwa mkunga wa pori zima. Kina mama walimlipa majani mabichi awazalishe na afunge mdomo, maana yeye tu ndiye aliyejua kila mama kamficha wapi mtoto.

Fisi akamwendea. "Bibi mkunga, Swala kamlaza wapi mwanawe?"

Kobe akaingiza kichwa gambani.

Fisi akacheka, akaenda kisimani. "Shoga yangu Swala, bado umekaa? Kobe kamwambia Chui mwanao alipo!"

Swala akatupa mtungi, akakimbia moja kwa moja mpaka kichakani kwa mwanawe. Fisi akamfuata nyuma, akamla mtoto.

Swala akarudi kumpiga Kobe mawe mpaka gamba likapasuka. "Umemuuza mwanangu!"

"Sikusema neno, binti yangu. Nani kamfikisha Fisi kichakani?"

Swala akaokota jiwe jingine.