Wageni Sebuleni kwa Thornbury

Verdell aliusukuma mlango wa nyuma kwa bega, kisha kwa nyonga. Haukusogea. Mvua za Machi zilikuwa zimeuvimbisha, na kamati ya majengo ya kale ilipiga marufuku mlango mkongwe kama ule kuguswa na randa. Kamati ile bwana! Watu waungulie humo ndani, almuradi mbao zao zibaki salama.

Simu ikatetemeka. Alikuwa mkwewe, mume wa binti yake Raylene.

"Mama, uko wapi? Uchungu umemshika Raylene, analia anakutaka wewe."

Mtoto wa kwanza wa Raylene alizaliwa mfu, na Verdell hakuwepo. Safari hii alikuwa ameapa kumshika mkono. Njia iliyobaki ya kutoka nje ilikuwa ya sebuleni, na sebuleni kulijaa wageni.

Ilikuwa wiki ambayo mji wa Larkin hufungua nyumba zake za kale. Bi Lavinia Thornbury, ndani ya gauni la kizamani lililotanuliwa kwa pete za chuma, alikuwa akiwaeleza habari za nguzo za mbele.

"Babu yangu ndiye aliyezisimamisha. Sisi akina Thornbury wote tumezaliwa humu."

Asubuhi alikuwa amemshika Verdell mikono yote miwili. "Nakusihi, wasikuone. Leo tu."

"Nitajibanza jikoni kama panya, Bi Lavinia," Verdell alimjibu akicheka.

Sasa hakuwa na cha kucheka. Alijilaani kwa ahadi ile, akaufungua mlango wa sebuleni. Wageni wakageuka kumtazama.

"Bi Lavinia," alinong'ona, "Raylene yuko hospitali."

Kabla hajajibiwa, mama mmoja mwenye kofia pana akamtilia kikombe mkononi. "Afadhali umetoka. Chai yenu inachelewa jamani."

Verdell akamtazama Bi Lavinia. Bibi wa watu alikuwa amewiva shingo nzima kwa aibu.  Verdell akalishika birika.

"Nani anataka sukari?"

"Weka birika chini," Bi Lavinia alisema kwa ukali.

Bwana mmoja akatabasamu. Alipenda kuona mtumishi akifokewa.

"Nenda kwa mwanao, Verdell," Bi Lavinia aliendelea, kisha akawageukia wageni. "Na nyinyi inukeni, mpisheni mwenye nyumba. Mimi huazima tu sebule yake, siku moja kwa mwaka."