Mzee Amesema Chafu

"Chafu!" alisema mzee Mwingereza, amesimama mlangoni mwa chumba chake.

Kerubo, aliyekuwa ametoka kukisafisha, alidhani hakusikia vizuri. "Chafu?"

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Akaonyesha kitanda, akaonyesha zulia, akaonyesha na bafu. "Veri chafu!" akarudia kwa lafudhi yake ya kukata maneno, kisha akaelekea kwenye lifti akisema anakwenda kumwona meneja.

Alikuwa anatabasamu. Hilo ndilo lililomtisha Kerubo zaidi, maana mgeni anayefoka hupoa, lakini anayekwenda kushtaki huku akitabasamu amekwisha kuamua. Na alijitakia mwenyewe. Wiki nzima, akitandika kitanda, alikuwa akimfundisha mzee Kiswahili: maji, taulo, safi, chafu. Leo mwanafunzi alikuwa amefaulu.

Haukuwa wakati wa kukosea. Hoteli yao hapo Al Sadd, huko ughaibuni, ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na kwenye ghorofa ile angebaki mmoja tu, Kerubo au Arafa. Mwingine angerudishwa kwao mwisho wa mwezi.

Punde wakaitwa ofisini wote wawili. Charity, msimamizi wao, alikuwa amesimama dirishani, uso mkavu.

"Nani amesafisha room ya huyo mzee leo?"

"Ni Arafa, madam," Kerubo akasema haraka. "Mimi nilikuwa ile side ingine."

Arafa aligeuka akamtazama. Walilala chumba kimoja, na kila Ijumaa alimsikia Kerubo akiongea kwa simu na watoto wake watatu walioko Nyamira, kisha akilia akishakata. Kerubo aliona aibu hadi masikio yakamwasha. Lakini hakuyarudisha maneno yake.

"Ndiyo," Arafa akasema taratibu, macho chini. "Mie ndiye niliyekisafisha."

Charity akaangua kicheko, akamshika Arafa mikono yote miwili.

"Hongera, mama! Mzee amekuja hapa anasema yeye ni 'chuffed', 'chuffed', jina lako hata halikumbuki. Mimi pia sikuelewa, ikabidi nimuulize. Kumbe ni slang ya kizamani ya kwao, ukiisikia ni kama 'chafu', lakini ni mtu akifurahi kabisa. Amekusifu mbele ya meneja, na meneja ameamua hapo hapo. Wewe ndiye unabaki."