Kurudi Morgaon

Ketaki alirudi kwenye hekalu la Morgaon akikimbia, bangili zake za kijani, za mwanamke mwenye mume, zikigongana mkononi. Mama mkwe wake, Sulochana, alibaki getini kando ya viatu.

Mahekalu yote manane ya mungu Ganesha walikuwa wameyazuru. Lakini mzunguko haufungwi mpaka urudi ulikoanzia, na Ketaki hakutaka kuacha mwanya hata mdogo. Mumewe, Mandar, alikuwa hospitali Pune, mashine ikimpumulia.

Sulochana ndiye aliyeianzisha safari. Siku ya kwanza aliwakera kwa haraka na masharti: mkanda wa ngozi hauingii hekaluni, simu haiingii, mwenye habari ya msiba haingii.

"Mama, kwa masharti hayo na Ganesha mwenyewe atabaki nje," dereva Baban alitania.

Kisha wakafika Lenyadri, hekalu la mlimani. "Magoti yangu hayafiki huko," Sulochana alisema. "Niachie simu, nenda."

Hapo sawa. Lakini Ozar na Ranjangaon ni tambarare, na bado alikaa nje. Ketaki alipouliza habari za hospitali, alijibiwa simu zimeisha chaji. Tena sasa Baban aliambiwa aendeshe polepole.

"Polepole ya nini, mama? Mwanao anakufa, wewe unaogopa vumbi la barabara?" Ketaki alifoka.

"Nitukane utakavyo, mwanangu. Ila ukamalize."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo wasemavyo. Ketaki aliona huyu mzazi hanao, akamchukia kwelikweli.

Ndani alimwendea panya wa jiwe, mjumbe wa Ganesha. Alimnong'oneza sikio moja na kuliziba la pili kwa kiganja, dua isije ikatokea upande wa pili. Mwache apumue. Chukua chochote, mwache apumue. Alirudia mpaka koo likakauka na waliokuwa nyuma yake wakaanza kunung'unika.

Alitoka na kitumbua kitamu cha sadaka. "Kula, mama. Tumemaliza."

Sulochana hakunyoosha mkono.

"Umefunga mzunguko? Hukubakiza neno?"

"Sikubakiza."

"Basi kaa hapa karibu yangu."

Baban aligeukia gari na kuanza kufuta kioo kilichokuwa safi. Sulochana akauchukua mkono wa Ketaki, akauweka mapajani pake, akaanza kumvua bangili za kijani.