Punje Saba za Njugu Mawe

Tangu njugu mawe zilipoboreshwa, zikawa haziugui shambani na punje saba zikatosha kumshibisha mtu kutwa nzima, masufuria makubwa yalipigwa marufuku. Bi Somoe alilifukia lake nyuma ya choo. Siku binti yake Asumini aliporudi baada ya miaka sita ya shule ya bweni, mama alilifukua akabandika njugu za zamani, zile zenye mabaka, zinazozaa kidogo na kushambuliwa na kila gonjwa.

Harufu ilimleta afisa wa lishe, Bwana Likoko.

"Mama, unapika harusi?"

"Napika chakula. Umesahau kinavyofanana? Haya, nikamate!"

Likoko alicheka. "Endelea tu, mama yangu. Siku hizi hatukamati mtu."

Akaondoka zake bila hata kuligusa sufuria, na upole ule ukamchoma Bi Somoe kuliko pingu. Jitu zima limekuja kumchekea jikoni kwake! Kwa hasira akampakulia binti sahani ya mlima, tui likichuruzika pembeni.

"Kula, mwanangu. Kula mpaka ulegeze kanga."

Asumini alinawa, akatabasamu, akahesabu punje saba, kama walivyozoeshwa bwenini. Saba za zamani, zisizoshibisha hata kuku. Alizitafuna taratibu, kisha akaisogeza sahani.

"Asante, mama. Nimeshiba."

"Hujaonja hata mchuzi!"

"Nimeshiba," Asumini alirudia kwa adabu, akajishika tumbo, na kweli alikuwa ameshiba.

Bi Somoe alisimama na upawa mkononi, akitafuta wa kumpiga.