Mtaalamu wa Jumatatu na Alhamisi

Kenny alichomeka waya wa kompyuta yake, na Mukasine akaanza kuhesabu moyoni. Alipofika tisa, taa za seva zote tatu zikawa nyekundu.

"Imeanguka tena!" Kenny alisema, kama mtu aliyetabiri mvua. "Ariko wewe dada, lakini hii kitu ulijengea wapi? Jikoni?"

Kitu chenyewe kilikuwa kabati la diski. Hifadhidata zote za ghala lao la dawa za mifugo, pale Masoro kwenye viwanda, zilikaa humo, na seva tatu zilikula humo humo kama watoto kwenye sinia moja. Kabati likipotea, seva zinaganda, na getini haitoki hata karatasi moja ya mzigo. Nje, malori yalikuwa yameshaanza kupiga honi.

Mukasine alilijenga peke yake. Kwa miaka miwili halikuwahi hata kukohoa. Kisha mkurugenzi, Gahongayire, akamleta Kenny kutoka Kampala aje kulikagua. Sasa lilikuwa linaanguka kila Jumatatu na Alhamisi, na barua ya kumfukuza Mukasine ilikuwa imeshachapwa. Ilibaki saini.

Alimtazama mtaalamu wake. Viatu vyenye ncha, manukato ya kuumiza kichwa, mikono laini isiyowahi kufungua hata skrubu. Kazi yake kuagiza tu. Mukasine, leta kiti. Mukasine, nisomee hiyo skrini. Mukasine, chai isiwe na sukari. Mwezi mzima hakuuliza swali hata moja akasubiri jibu lake.

Gahongayire aliingia, barua mkononi. "Kenny, tatizo ni nini?"

"Madamu, tatizo iko imesimama hapo." Alimwonyesha Mukasine kwa kidevu. "Mtu wa kufunga antena, munamupa seva!"

Mukasine aliinamisha kichwa. Sauti yake ilitoka ndogo. "Madamu, naomba achomoe waya wake. Kidogo tu."

"Wangu?" Kenny alicheka mpaka akashika meza. "Sha, hii kompyuta imeponyesha benki tatu!"

"Chomoa," alisema Gahongayire.

Akachomoa. Taa zikarudi kijani, moja, ya pili, ya tatu. Akachomeka, nyekundu. Akachomoa, kijani. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

Mukasine alieleza kwa adabu, macho chini. Kila mashine kwenye mtandao ina namba yake. Kompyuta ya Kenny ilikuwa imewekewa namba ileile ya kabati. Kila alipoichomeka, seva zililitafuta kabati zikamkuta yeye.

"Mwezi mzima," Gahongayire alisema polepole, "tatizo linakuja hapa na teksi, na sisi tunalipikia chai."

Aliichana barua vipande vinne. Kenny alikusanya vitu vyake bila kumwangalia mtu, akajikwaa kizingitini, akaenda zake. Mukasine hakumcheka. Hakuona sababu ya kumpotezea hata kicheko.

Namba ile, Kenny hakuichagua mwenyewe. Siku yake ya kwanza alinyoosha mkono bila hata kugeuka, akasema, "Wewe, niandikie namba ya kutumia hapa." Mukasine, aliyezipanga namba zote za chumba kile, alimwandikia kwa mwandiko mzuri, akampa kwa mikono miwili.