Kidonge cha Msimamizi

Siku hizi chuoni husimamii utafiti juu ya watu mpaka wewe mwenyewe umeze, miezi sita, dawa utakayowapa. Vyeti vingine kafungie maandazi. Dokta Nyamizi alikuwa amemaliza miezi yake ya kidonge cha kuondoa woga.

Jioni hiyo mumewe alimkuta kwenye roshani ya ghorofa ya nne akimenya viazi, huku akimtazama mtoto wao Masele akitembea juu ya ukingo. Mume aliruka, akamnyaka.

"Mama Masele! We mtu au mwiko? Si ulikuwa unamwona?"

"Nilimwona. Mbona alikuwa anatembea vizuri tu?"

Mume alimkumbatia mtoto, akaingia naye ndani. Nyamizi alifuta mikono, akavuta fomu ya kibali cha utafiti wake. Swali la mwisho liliuliza kama ana hofu yoyote ya kuwapa kidonge hicho wazazi mia tatu.

Akaandika, "Sina hata chembe."